Mwangwi wa Lukwego Ghorofa ya Tatu

Siku ya Jumanne, saa nne kasorobo asubuhi, Odilia, wakala Mtanzania wa kununulia watu bidhaa, alikuwa ghorofa ya tatu ya jengo moja la maduka ya jumla pale Zhanxi, mjini Guangzhou, ameshika fulana nyeupe kwa mabega yake mawili, akimwonyesha mwenye duka jinsi shingo ilivyoshonwa upande. Mwenye duka, mama wa Kichina aitwaye Huang, alikuwa anakula tambi na hakuona upande wowote. Alisema shingo ya fulana haina shida, pengine shida ni shingo ya mvaaji. Odilia akamjibu kwamba wavaaji ni elfu nne, na hawawezi wote kuwa wamelala vibaya usiku mmoja. Hapo ndipo sauti ikatoka kwenye ngazi.

"Odilia we! Mbuzi wameingia kwenye mihogo!"

"Naam, mama!" Odilia akaitika, kwa sababu mzazi akikuita unaitika kwanza, mengine baadaye. Kisha akaendelea kuivuta ile shingo.

Ilikuwa sauti ya mama yake, Felisia, lakini ile ya zamani, sauti ya kujaza bonde zima. Siku hizi Felisia alizungumza chini chini hata kwenye simu, maana alilala nyuma ya pazia la kanga na familia nyingine mbili upande wa pili, na mtu mzima hawezi kupayuka mbele ya wakwe za watu.

"Nani huyo?" Huang akauliza kwa Kiswahili chake cha soko, alichokipata kwa miaka ishirini ya kubishana na Watanzania.

"Mwangwi wa kwetu," Odilia akasema. "Kijijini wamejenga bwawa."

Huang akaguna kwa kuelewa. Bonde la kwao nalo lilifunikwa na bwawa alipokuwa msichana wa shule. "Wa kwetu ulikaa ndani ya lifti ya hospitali miaka sita," akasema. "Wagonjwa walilalamika kidogo tu." Akamalizia mchuzi wa tambi, akafuta mdomo, akakubali kushona shingo upya.

Sasa, huo mwangwi wenyewe haukuwa wa kawaida, na ni vizuri jambo hili likaeleweka mapema. Sehemu nyingine ukipiga kelele, mwangwi unakurudia hata hujafunga mdomo. Pupa tupu, haina adabu. Wa Lukwego, kijijini kwao Odilia, ulikuwa na subira. Ukiliita jabali kubwa la pale asubuhi ukiwa njiani kwenda shamba, sauti yako inakukuta mchana unapalilia. Mtu akimtukana jirani yake alfajiri alikuwa na muda wa kutosha wa kujutia kabla tusi halijarudi. Ndiyo sababu wazee wa pale waliweka desturi: posa, mipaka ya mashamba na ahadi zote nzito zilisemwa mbele ya jabali, kisha msemaji na aliyeambiwa wakakaa pamoja, wakachoma mahindi, wakasubiri. Neno lililorudi ni neno. Ambalo halijarudi ni pumzi ya mtu tu.

Basi mradi wa bwawa ukaja. Wakaja wathamini na fomu zao, wakapaka X nyekundu kwenye kila mlango. Fomu ilikuwa na safu ya nyumba, safu ya choo, safu ya miti kwa umri wake, na safu ya makaburi. Felisia akauliza mwangwi wataujaza wapi.

"Ni mali inayohamishika au isiyohamishika?" mthamini akauliza.

"Inayorudi," Felisia akasema.

Safu hiyo haikuwepo. Mthamini akamwomba mama asimpotezee muda, akasahau kopo la rangi nyekundu chini ya mpapai. Felisia akaliokota, akaenda kwenye jabali, akaandika kwa herufi kubwa: ODI-72. Hiyo ndiyo alama ambayo Odilia huiandika kwenye kila mzigo wake ili usipotee bandarini. Tangu Felisia aanze kuiona, kila kilichoandikwa ODI-72 kilifika mkononi mwa mwenyewe: blanketi, chupa za chai, hata viti vya plastiki ambavyo vilifika na miguu yote. Ambacho hakukijua ni kwamba alama ile inatoka Guangzhou kwenda nyumbani, haiendi upande wa pili. Jabali nalo halikujua. Maji yalipolifunika, mwangwi ukakosa pa kurudia, ukashika anwani iliyoandikwa.

"Miaka minne njiani?" alisema Swalha, Mzanzibari aliyekuwa wakala wa makontena na aliyepanga ofisi moja na Odilia. "Mzigo hauna karatasi hata moja, shoga. Hapo umewahi."

Mwangwi ukakaa ngazini, kwa sababu ngazi zilikuwa za zege tupu na zilikuwa kitu cha karibu zaidi na jabali katika mtaa mzima. Ulikuwa na kiporo. Ule mwaka wa mwisho wa Lukwego, baruti za wahandisi zilianza kulia mwezi wa Desemba, jabali likaziba masikio, na kila lililosemwa tangu hapo halikurudi. Sasa lilikuwa linatoka kwa zamu, siku kwa siku, kwa saa zake. Ile ya mbuzi kwenye mihogo ilikuwa tarehe ishirini na nane Desemba, Odilia alipokwenda likizo ya mwisho kabla ya watu kuhamishwa. Aliikumbuka vizuri. Mbuzi walimaliza mistari mitatu.

Hasara kwa soko ilikuwa ndogo ila ilikera. Mwangwi ulichukua na maneno mapya pia, ukayarudisha baada ya saa tatu, na wenye maduka wana mazoea ya kumvuta mteja ngazini na kumnong'oneza bei yake peke yake. Mkongo mmoja akasikia mchana bei ambayo Huang alimpa Mnigeria asubuhi, pamoja na yale maneno "usimwambie Mkongo". Uongozi wa jengo ukabandika tangazo kwa lugha tatu: bei zisinong'onezwe kwenye ngazi. Watu wakahamia chooni, mambo yakatulia.

Odilia alikuwa na lake. Alichukua kalenda ya ukutani akaanza kuhesabu siku kwa kidole.

"Unahesabu nini? Una mimba?"

"Mkutano wa kijiji," Odilia akasema. "Ulikuwa tarehe kumi na moja Februari. Siku arobaini na tano kutoka kwa wale mbuzi."

Mkutano ule ndio ulioharibu kila kitu. Bwana Medard, Mratibu wa Uhamishaji, alisimama mbele ya jabali kama wazee walivyotaka, akaahidi kwa sauti kwamba hatahama mtu kabla ya kukabidhiwa nyumba. Kisha wazee walipoanza kuwasha moto wa mahindi, akasema ana kikao kingine, akapanda gari. Hakusubiri. Miezi miwili baadaye yakaja malori, na Felisia akapelekwa kwenye chumba cha darasa, shule ya msingi ya makazi mapya, "kwa wiki mbili". Mwaka wa nne huu. Kila akienda ofisini kuulizia nyumba yake anaambiwa hakuna muhtasari wowote wenye ahadi hiyo, na asiwasingizie watu. Nyumba ya mama yake ndiyo kitu pekee ambacho Odilia alikitaka katika dunia hii. Vingine vyote alishajua bei yake na wapi vinauzwa kwa jumla.

Na Bwana Medard alikuwa anakuja Guangzhou. Zile fulana elfu nne zilikuwa zake. Zilikuwa za uzinduzi wa bwawa, zenye maandishi MAJI NI MAENDELEO, na alitaka kuikagua sampuli kwa macho yake mwenyewe, maana posho ya safari ilikuwa imeshatoka. Odilia alipopewa kazi ile alilia jioni nzima, kisha akauliza saizi.

"Akilisikia neno lake limerudi, amefungwa," alimwambia Swalha. "Kwa mila ya Lukwego hana pa kutokea."

"Huyo ni mtu wa Lukwego?"

"Alisimama pale. Alisema pale."

Swalha akamtazama kwa huruma, akasema haya, Mungu ni mwema, tumlete.

Siku arobaini na tano zikaenda. Yakatoka mazishi ya mzee Eliakimu, matanga yote, na wiki nzima ya kwaya ikijifunza wimbo mmoja bila kuuweza. Ukatoka ugomvi wa nguruwe kati ya Abednego na shemeji yake, uliochukua siku tisa. Watanzania wa jengo zima walikuja kuufuata. Agustino, muuza vifaa vya simu kutoka Mbeya, alileta kigoda, na kufikia siku ya sita hakuna aliyebaki na shaka kwamba nguruwe alikuwa wa Abednego. Walijaribu kurekodi kwa simu, wakapata nyayo za wapita njia tu. Jabali lilishazishika zile sauti kwanza, na kitu hakishikwi mara mbili.

Siku yenyewe ikaangukia Ijumaa. Bwana Medard alikuwa ameshuka uwanja wa ndege wa Baiyun jana yake, na asubuhi akapiga simu kwamba anapitia viatu kwanza. Odilia alimwambia saa tatu. Saa tatu ikapita. Saa nne ikapita. Ngazini vigelegele vya akina mama wa Lukwego vilikuwa vimeshaanza, watoto wanafukuzwa kwenye mikeka, mwenyekiti wa kijiji anasema mgeni yuko njiani. Odilia alisimama dirishani akiangalia mikokoteni ya mizigo ikigombana huko chini.

"Kule alifika saa ngapi?" Swalha akauliza.

Odilia akafikiri. "Mkutano ulikuwa saa tatu. Alifika saa sita."

"Basi tulia."

Saa sita kasoro dakika tano Bwana Medard akaingia getini na mifuko minne ya viatu. Alikuwa amechelewa kwa saa zilezile alizochelewa Lukwego, kwa hiyo aliwahi. Huang alikuwa ametundika karatasi ya "mbovu" kwenye lifti nzima kabisa, na mratibu akapanda kwa miguu, akipumua kwa shida na kusalimia kila mtu. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye tumbo la heshima, wa kupenda watu. Hilo ndilo lililokuwa gumu kwa Odilia: huwezi hata kumchukia vizuri.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, binti yangu! Mnakaa juu hivi, mnafuga njiwa?"

Kabla Odilia hajajibu, gari likafunga breki ngazini, milango ikagongwa, vigelegele vikapanda. Kisha ikatoka sauti nzito, yenye kujiamini, ikajaza ghorofa zote tano:

"Ndugu zangu wa Lukwego! Mimi, Medard, nasema mbele ya jabali hili! Hatahama mtu hapa kabla hajapewa ufunguo mkononi! Kila kaya, nyumba ya vyumba vitatu! Bati juu, sakafu chini, maji ya bomba ndani! Msipopewa, mje mnishike mimi!"

Watu wa Lukwego wakapiga makofi. Watanzania wa Zhanxi, waliojipanga ukutani na mifuko yao ya plastiki, wakapiga makofi pia kwa mazoea, wakaacha. Mzee mmoja akasikika akisema walete mahindi. Mlango wa gari ukafungwa. Gari likaondoka.

Bwana Medard alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mwisho, kichwa kimeinama upande, macho yamefumbwa. Odilia alimsogelea. Maneno alikuwa ameyaandaa kwa siku arobaini na tano.

"Mheshimiwa, neno limerudi."

"Nimelisikia." Mratibu akatoa leso, akafuta macho. Alikuwa amelia kweli, si mchezo. "Unajua siku ile nilikuwa na mafua? Hapa hata hayasikiki. Sauti imetoka safi."

"Mama yangu yupo kwenye chumba cha darasa mwaka wa nne."

"Masikini." Alisema kwa moyo wote. "Ndiyo maana maneno kama haya yasipotee. Nimetafuta kauli mbiu miezi minane, binti yangu. Maji ni Maendeleo, Maji ni Maendeleo, mtu anasoma huku anapiga miayo. Kumbe niliyo nayo nilishaitoa mwenyewe! Futa ile. Andika hii: KILA KAYA, NYUMBA YA VYUMBA VITATU. Na picha ya nyumba kifuani. Bati jekundu. Na bomba."

"Kwa mila ya kwetu, Mheshimiwa, umefungwa."

"Nimefungwa," akakubali Bwana Medard, ameweka mkono kifuani. "Kila kaya itapata. Hakuna hata moja itakayorukwa, nitasimamia mwenyewe." Kisha akamuuliza Huang kama mabadiliko ya chapa yanaongeza gharama, na Huang akasema yanaongeza.

Alipoondoka, Swalha alitaka Odilia akatae kazi. Alisema mtu huyo hana haya, uso mkavu kama dagaa, na riziki iko mikononi mwa Mungu, haiko mikononi mwa mratibu. Odilia aliitandaza fulana tupu mezani. Alikuwa mtu wa biashara, na kulikuwa na jambo ambalo Swalha hakuliona.

"Siku zote wanasema hakuna maandishi," akasema. "Sasa wanayaandika wenyewe. Nakala elfu nne, na nembo ya ofisi begani. Mama akienda pale na fulana hii mwilini, watamwambia nini? Kwamba haijaandikwa?"

Swalha akakubali. Ilikuwa mara ya kwanza tangu wafahamiane.

Basi Odilia aliifanya kazi ile kuliko kazi nyingine yoyote. Alikataa picha ya kwanza kwa sababu nyumba ilionyesha vyumba viwili. Alikataa ya pili kwa sababu bomba lilikuwa nje. Alimrudisha Huang kwa mwenye kuchapa mara tano, mpaka Huang akasema laiti nyumba yenyewe ingekuwa inajengwa wangekuwa wamefika kwenye renta, juu ya madirisha. Rangi ilijaribiwa kwa maji moto ili ahadi isichuje. Shingo zote zilikaa katikati. Fulana zilipokamilika, miezi miwili baada ya ile Ijumaa, mwangwi wa Lukwego ukafika mwisho wa kiporo chake: malori, akina mama wakiita kuku kwa majina, kisha maji, siku mbili mfululizo, kisha kimya. Baada ya hapo ukabaki ngazini na bei za soko kama mfanyakazi mwingine yeyote, na uongozi wa jengo ukautoa kwenye orodha ya malalamiko. Kontena likatoka bandari ya Nansha Jumatatu. Swalha aliandika karatasi zake mwenyewe na hakudai ya soda.

Uzinduzi ukafanyika. Odilia aliuona kwenye simu: watu elfu nne wamevaa nyumba, wamepangwa ukingoni mwa maji, na Bwana Medard jukwaani akiwaambia watazamane vifuani. Ilipendeza. Hata Huang alisema imependeza.

Felisia alipiga simu siku ya tatu yake, saa ya chakula cha mchana. Odilia alikuwa dukani, na akaweka kijiko chini.

"Nimekwenda ofisini," mama akasema, kwa ile sauti yake ya chini. "Nimevaa. Nikamwambia karani, soma hapa."

"Akasoma?"

"Akasoma vizuri sana, kwa sauti. Halafu akafungua daftari. Si unajua siku ya uzinduzi tulipanga foleni, kila mwenye kaya akatia sahihi ndipo apewe? Basi ndilo daftari lenyewe. Juu imeandikwa nyumba ya vyumba vitatu. Chini jina langu, na sahihi yangu. Akaniambia, mama, wewe umeshapokea."

Huang, aliyekuwa anasikiliza bila kuficha, akaacha kutafuna.

"Nikamwambia, mwanangu, hii ni fulana. Akasema yeye ana safu mbili tu: aliyepokea na asiyepokea. Mimi nimepokea. Wapo wasiopokea, walikuwa wagonjwa siku ile, na hao anawaonea huruma." Felisia akakohoa, akasubiri mtu apite nyuma ya pazia. "Ila si mkorofi, ameniuliza kama nina lalamiko lolote aandike. Nikamwambia ninalo. Ameandika mbele yangu: nyumba imepokelewa, inakaliwa, ina kasoro ndogo."

"Kasoro gani, mama?"

"Makwapani. Inabana."

Odilia alikaa na simu sikioni. Alitaka kupiga kelele, na angeweza, lakini alikuwa karibu na ngazi na zingemrudia saa tisa. Akavuta daftari la oda, akatafuta kalamu, akamuuliza mama yake siku hizi anavaa saizi gani.